Barua ya wazi kuhusu dripu: fungueni plasta, utazameni mkono

Kwa:
Waziri wa Afya,
Waziri wa Nchi anayesimamia TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa),
Mganga Mkuu wa Serikali,
Waganga Wakuu wa Mikoa ya Kilimanjaro na Arusha.

YAH: WAGONJWA WANAOUMIZWA NA DRIPU WAKIWA WODINI

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na mkazi wa Pasua, Moshi. Binti yangu wa mwisho ana miaka 5, na mwaka huu ameanza darasa la awali. Anaandika kwa mkono wa kushoto. Hakuzaliwa hivyo. Nyuma ya kiganja chake cha kulia kuna kovu pana linalong'aa, limevuta vidole vitatu kwa juu, na akiambiwa afumbe ngumi anafumba nusu. Wenzake wakiimba na kupiga makofi, yeye anapiga kofi kwenye paja. Watu wakimwona hudhani aliungua uji. Kovu lile ni la dripu.

Naomba jambo moja kabla ya mengine yote: kila mgonjwa aliyewekewa dripu, mkono wake utazamwe kwa macho na kushikwa kwa vidole, kila saa ikiwa ni mtoto, na aliyetazama aandike kwamba ametazama. Sasa nieleze kwa nini.

Ilikuwa Julai, na baridi ya Moshi mnaijua. Mtoto alikuwa na miezi 9, alikuwa akiharisha na kutapika tangu usiku wa kuamkia siku hiyo. Nilipomfikisha hospitali macho yalikuwa yameingia ndani, analia bila machozi. Hospitali yenyewe sitaitaja. Sitafuti mtu wa kufukuzwa kazi, na niliyoyaona pale nimekuja kuyasikia kwa wazazi waliolazwa na watoto wao kwingine. Na niseme wazi kwamba walimwokoa. Bila dripu ile nisingekuwa na mtoto.

Mtoto aliyeishiwa maji mishipa yake inanywea. Nesi alichana glavu, akaifunga juu ya kiwiko kama kamba, akapigapiga kiganja kwa vidole viwili. Alichoma mara tatu. Ya tatu ikashika, nyuma ya kiganja cha kulia, ile kanula (kibomba cha dripu kinachobaki mshipani) ndogo ya rangi ya njano ya watoto wachanga niliyotumwa kununua duka la dawa. Alifurahi, na mimi nilifurahi. Akachukua kipande cha boksi la dawa, akaulaza mkono juu yake ili mtoto asiukunje, akazungusha plasta nyeupe kuanzia vidoleni mpaka karibu na kiwiko. Zungusha, zungusha, mpaka mkono wote ukawa kifurushi. Nilichobaki nakiona ni ncha za kucha.

Mpaka jioni alikuwa amechangamka kidogo. Niliambiwa sukari yake imeshuka, wakampitishia glukosi kwenye mpira uleule.

Saa tatu usiku kilio chake kilibadilika. Mchana kutwa alikuwa akilia kinyonge, kama paka. Sasa akawa anakata kilio ghafla, kwa nguvu, huku anauvuta mkono kuelekea kifuani. Nilimfuata nesi wa zamu. "Dada, mtoto analia kwa namna nyingine, nadhani ni huu mkono." Alikuja, akatazama juu kwenye chupa. "Mama, dripu inakwenda vizuri, si unaona inadondoka? Watoto wote wanalia." Saa tano nilimwendea tena. Safari hii aliniambia nisiguse plasta, nitaitoa kanula, na mishipa ya mtoto huyu imewasumbua. Nikatii. Mimi ninayekaa na watoto 80 darasani na kujua nani anaumwa kweli na nani anadeka, nilikaa pembeni ya kitanda cha mwanangu mwenyewe nikiogopa kugusa plasta. Saa nane za usiku, kucha zake zilikuwa na rangi kama zambarau isiyoiva vizuri. Nilijiambia ni baridi, nikamfunika kanga ya pili.

Alfajiri, kabla ya saa kumi na mbili, alikuja nesi mtu mzima kugawa dawa za asubuhi. Huyu hakutazama chupa. Alishika ncha za vidole vya mtoto, akaziminya, akasubiri. Akatoa mkasi mfukoni.

Nimeona mengi, lakini ule mkono ulipotoka kwenye boksi sijausahau. Ulikuwa umetuna na kukaza, unang'aa, mgumu kama ndizi mshare mbichi. Plasta ilikuwa imeacha mistari iliyozama ndani ya ngozi. Katikati, pale kanula ilipoingilia, palikuwa na baka jeupe la ukubwa wa shilingi, pembeni yake malengelenge. Alipoichomoa kanula, kwenye kile kitundu hayakutoka matone ya damu. Yalitoka maji, yakachuruzika mpaka kwenye shuka. Yule mama alinyamaza muda, kisha akasema: "Pole mwanangu. Hii ilishatoka kwenye mshipa kitambo."

Baka jeupe likawa la kijivu, siku ya tano likawa jeusi. Tulipewa rufaa. Wakakata nyama iliyokufa, wakatoa ngozi pajani na kuipandikiza kiganjani. Tulikaa wodini wiki sita kwa mtoto aliyekwenda kutibiwa kuharisha.

Nina mpwa wangu ambaye ni tabibu. Ndiye aliyekaa na mimi akanichorea kwenye daftari jinsi jambo hili linavyotokea, nami nalieleza hapa kwa sababu wazazi wengi watakaosoma barua hii hawajawahi kuelezwa. Kanula ni kibomba laini cha plastiki. Sindano ya chuma inakiongoza kuingia mshipani, kisha inatolewa, kibomba kinabaki. Mgonjwa akijigeuza, ncha yake inaweza kutoboa ukuta wa mshipa au kuchomoka. Tokea hapo maji hayaingii tena kwenye damu, yanamwagika nyamani. Na dripu haina habari. Chupa imening'inia juu, maji yanashuka kwa uzito wake yenyewe, matone yanadondoka kama kawaida. Hata zile mashine za kusukuma dripu huwa zinapiga kengele njia ikiziba, lakini maji yakimwagika nyamani taratibu zinaweza kuendelea kusukuma. Kwa hiyo anayetazama matone ametazama chupa. Mgonjwa bado hajamtazama.

Maji ya kawaida yakimwagika kidogo, mkono huvimba na baada ya siku moja au mbili ukanywea. Yakimwagika mengi, uvimbe wenyewe hubana mishipa mpaka damu isifike vidoleni. Halafu kuna dawa ambazo hata kidogo tu inatosha kudhuru: glukosi kali, kalsiamu, potasiamu, fenitoini ya kifafa, adrenalini, na baadhi ya dawa za saratani kama doksorubisini na vinkristini. Zikiwa ndani ya mshipa ni tiba. Zikiingia nyamani zinaua nyama.

Dalili zake si za siri. Ngozi inakuwa ya baridi na kukaza, inapauka, inavimba, inauma, na mkono huu haulingani tena na wa pili. Ukiwahi, unafunga dripu palepale, husukumi maji mengine kuizibua, unavuta kwa bomba la sindano kile kinachovutika, unaichomoa kanula, unauinua mkono, unachora kwa kalamu ukingo wa uvimbe ili kila anayekuja aone kama unaongezeka, unamwita daktari. Kazi yote hiyo ni ya dakika chache, na vifaa vyake vipo kila wodi. Binti yangu alipata dalili zote tangu saa tatu usiku, chini ya plasta, mpaka alfajiri.

Waheshimiwa, naomba nisieleweke vibaya kuhusu manesi. Usiku ule walikuwa wawili wodi nzima, na vitanda vingine vililaliwa na watoto wawili wawili. Yule dada aliyenijibu vile nilimwona akikimbia kutoka kwa mtoto wa degedege kwenda kwa mtoto wa oksijeni. Hakuwa mvivu. Alifundishwa kuitazama chupa, na hakuna karatasi hata moja pale iliyomuuliza: mkono ukoje?

Mimi kila asubuhi naita mahudhurio. Darasa lina watoto 80 na siwezi kusema nimewaona wote kwa kusimama mlangoni. Naita jina, mtoto anaitika, natia alama. Asiyeitika nalazimika kumwandika, na nikishamwandika nalazimika kumtafuta. Bila daftari lile kuna watoto wangepotea wiki nzima bila mimi kugundua, na si kwa ubaya wangu. Ninachokiomba wodini ni daftari la mahudhurio la mikono.

Kwa vitendo, iwe hivi. Kila kitanda chenye dripu kiwe na karatasi yenye saa za usiku na mchana, na kila saa nesi atie alama baada ya kushika, kutazama na kulinganisha na mkono wa pili. Kwa watu wazima saa zinaweza kuachana zaidi, isipokuwa kama ni zile dawa kali, au mgonjwa hana fahamu, au ni mzee asiyeweza kusema anaumwa. Uingereza, muuguzi anayeitwa Andrew Jackson alichapisha mwaka 1998 kipimo cha alama 0 mpaka 5 cha kukagua mshipa wenye kanula kama umeanza kuwaka, na ikifika alama 2 kanula inahamishwa. Kipimo chake ni cha mshipa kuvimba, si cha maji kumwagika, ila nakitaja kwa sababu kinatoshea kwenye karatasi moja, na karatasi inapigwa fotokopi steshenari yoyote ya Double Road hapa Moshi.

Plasta isifunike kila kitu. Kama plasta za kuonyesha ngozi zipo, watoto wapewe kwanza. Kama hazipo, ile nyeupe ifungwe juu na chini, mahali kanula ilipoingilia na vidole vyote viachwe wazi. Boksi libaki, sina ugomvi na boksi. Ugomvi wangu ni ule ukuta wa plasta unaojengwa juu yake.

Na glavu. Siku ya pili nilipokuwa pale, mtoto wa kitanda cha jirani alitafutiwa mshipa, ukakosekana, wakamwita mwenzao aje ajaribu mguuni. Mguu ukashika. Sweta ikashushwa. Bibi wa mtoto ndiye aliyehisi kitu kigumu chini ya mkono wa sweta alipokuwa akimfunika: glavu ilikuwa bado imefungwa juu ya kiwiko. Bibi alipaza sauti, "Mbona mmemfunga mjukuu wangu kama kuku wa sokoni?" Watu walicheka, lakini mimi sikuweza. Ingekaa mpaka asubuhi tungezungumza mengine. Mpira wa kufungia mkono uwe mmoja, wenye rangi kali, na uhesabiwe kama mkasi unavyohesabiwa kabla ya kushona tumbo.

Kanula isiyo na kazi itolewe. Mwalimu mwenzangu wa Arusha baba yake alikuwa anachomwa antibaiotiki, akabadilishiwa kuwa vidonge, na kanula ikaachwa mkononi siku nne "pengine itahitajika". Haikuhitajika. Mzee alipata jipu pale ilipoingilia na homa ya kutetemeka, akaanza matibabu upya kwa ugonjwa ambao hakuja nao. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa dunia juu ya kuzuia maambukizi yatokanayo na mipira hii midogo ya mishipani, namna ya kuiweka, kuitunza na kuitoa. Mwongozo kama huo ukae wodini kwa Kiswahili, kwenye ukurasa mmoja. Kwenye kabati la ofisini hautamfikia nesi wa zamu ya usiku.

Jambo ninaloliona zito kuliko yote, baada ya lile la kwanza, ni neno la mama. Au la baba, au la bibi, yeyote anayekaa na mgonjwa. Nilimwambia nesi mara mbili. Kama kungekuwa na agizo kwamba ndugu wa mgonjwa akisema "naomba mfungue mtazame", plasta inafunguliwa hapohapo na inaandikwa saa ngapi ameomba na nini kimeonekana, binti yangu angefungua ngumi na kuifumba leo. Gharama yake ni plasta. Kanula ikichomoka kwa sababu ya kukagua, mtoto achomwe upya, nitamshika mwenyewe. Hilo liandikwe ukutani kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili, na pale wodini mzazi aambiwe siku ya kwanza: ukiona kidole kimebadilika rangi, ukiona mkono umekaza, tuite, na tusipokuja ita tena, na hutagombezwa.

Halafu kuna ukweli. Nilipoomba kuona faili wakati wa rufaa, usiku ule wote ulikuwa umeandikwa kwa mstari mmoja: kanula imetoka, imewekwa nyingine mguuni. Hakuna saa. Hakuna baka jeupe. Hakuna mama aliyesema mara mbili. Aliyenieleza ukweli ni yule nesi mtu mzima peke yake, naye alininong'oneza kwenye korido kama anayetenda kosa. Kwa nini mtu mwema aogope hivyo? Kama kila anayesema ukweli anahofia barua ya kujieleza, mtaletewa faili safi na mikono mibovu. Wekeni utaratibu wa kuandika kila tukio la namna hii, hospitali kwa hospitali, mkoa kwa mkoa, na atakayeripoti mapema alindwe. Zile takwimu zikae kwenye kikao cha Mganga Mkuu wa Mkoa kama zinavyokaa za vifo vya wajawazito.

Mkono mmoja unaweza kubadilisha utaratibu wa nchi nzima, kama umesemwa. Marekani kulikuwa na mwanamuziki wa Vermont, Diana Levine. Mwaka 2000 alikwenda kliniki kwa kipandauso na kichefuchefu, akasukumiwa promethazini, dawa ya kuzuia kichefuchefu, mshipani, dawa ikafika kwenye ateri, yaani mshipa unaopeleka damu mkononi. Walimkata kiganja cha kulia, kisha mkono chini ya kiwiko. Alikuwa mpiga gitaa. Kesi yake dhidi ya kampuni ya Wyeth ilifika Mahakama ya Juu, akashinda Machi 2009, na Septemba mwaka huohuo mamlaka ya dawa ya nchi ile iliagiza dawa hiyo ya sindano iwekewe onyo la ngazi ya juu kabisa. Promethazini tunaitumia hapa pia. Sitaki kusubiri mahakama inifikishe huko. Ninayo barua na ninao mkono wa mtoto.

Najua yapo mabaraza. Baraza la Uuguzi na Ukunga lipo kwa sheria ya mwaka 2010, Baraza la Madaktari Tanganyika lina sheria ya mwaka 2017, na mwananchi anaweza kupeleka malalamiko. Lakini mimi mwalimu nilichukua karibu mwaka mzima kujua kwamba milango hiyo ipo. Mama wa Njoro au wa Kiboriloni anayeuza ndizi ataijua lini? Sanduku la maoni lenye kufuli kando ya dirisha la malipo halitoshi. Namba na anwani za mabaraza hayo zibandikwe wodini, na mgonjwa akiomba nakala ya faili lake apewe bila kuzungushwa.

Naandika kwa Wizara na kwa TAMISEMI pamoja kwa sababu hospitali za rufaa ziko chini ya Wizara na hospitali za wilaya, vituo vya afya na zahanati ziko chini ya TAMISEMI, na dripu inatundikwa kote. Kwa Waganga Wakuu wa Mikoa ya Kilimanjaro na Arusha nina ombi lenu peke yenu: msisubiri waraka kutoka Dodoma. Mikoa hii haina upungufu wa wataalamu wa kuanza nao. Hospitali ya KCMC ipo tangu 1971, Mawenzi ipo, Mount Meru ipo, vyuo vya uuguzi vipo. Anzeni na wodi moja ya watoto kila hospitali, miezi mitatu, karatasi ile moja. Mhesabu mikono.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepita mwaka 2023, na watu wengi zaidi watalazwa. Nafurahi. Binti yangu mwenyewe alitibiwa kwa kadi yangu ya bima. Ndiyo maana nataka hili lipangwe sasa, wodi hazijajaa zaidi.

Mkipanga kikao cha jambo hili, Moshi au Arusha, nitaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu nije. Nitakuja na binti yangu, muushike mkono wake.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu na mzazi,
Pasua, Moshi.